Wageni wa Marehemu

Niseme mapema, maana najua kuna watakaoniuliza: kijana aliyekufa simtaji jina. Mimi Hyasinta ni Mwiraqw wa hapahapa Karatu, Mkatoliki, na kwetu marehemu tunamtaja kanisani kwa sauti, na wa ukoo wake waliotangulia tunawataja pia. Lakini tangu yale ya mwaka 2009, jina lile likinifika mdomoni nalimeza. Mtamjua hivyohivyo bila jina.

Ninayetaka kumsimulia hasa ni Ndeshi, binti wa Kichaga wa Machame, aliyekuwa amepanga kona katika steshenari yangu kando ya barabara iendayo Ngorongoro. Mimi nilikuwa na mashine ya fotokopi na ya kupigia picha za pasipoti. Yeye alikuwa na kompyuta moja, kiti kimoja na kichwa kigumu. Alikuja Karatu kufanya kazi ya mapokezi kwenye loji moja huko juu, na kazi yenyewe ilikuwa kutabasamu, kutoa funguo na kuwaambia wageni kwamba maji ya moto yanakuja. Loji ilikuwa na intaneti ya dishi. Msimu wa mvua, wageni wakipungua, aliruhusiwa kuitumia, na mgeni mmoja akamwachia kitabu kinene cha kutengeneza tovuti kwa kutumia fremuweki.

Nilimwuliza fremuweki ni kitu gani. Akaniambia ni kama nyumba ambayo fundi ameshasimamisha nguzo na paa, wewe unajenga kuta na kupanga vyumba unavyotaka. Nikamjibu kwamba basi aliyesimamisha nguzo ndiye fundi, na yeye ni mpangaji tu. Alininunia siku nzima.

Mwanzo ulimdanganya, na hilo bado linaniuma. Sura za kwanza za kile kitabu zilikuwa tamu. Unaandika mistari michache, unafungua ukurasa, na maneno yako haya hapa kwenye kioo. Unaandika mingine kidogo, unapata fomu ambayo mtu aliyeko Ulaya anaweza kuijaza. Fremuweki ile ilikuja hata na ukurasa wa msimamizi, ambako unaongeza kitu, unakibadilisha au unakifuta kwa kubonyeza tu. Ndeshi akaona ameshaiva. Akaacha kazi ya loji, akatangaza hadi kwao Machame kwamba sasa yeye ni mtu wa kompyuta, akaja kupanga kwangu.

Kisha akaingia kwenye sura za kati, na huko hapakuwa na wa kumshika mkono. Karatu nzima hakuna aliyekijua kitu kile. Fundi kompyuta wetu mmoja alijua kuondoa virusi na kuweka nyimbo kwenye simu, basi. Ndeshi alikuwa akikwama kwenye kosa moja hata wiki. Anaandika swali kwenye jukwaa la mtandaoni, kwa Kiingereza cha adabu, anaanza na salamu na kumaliza na shukrani, na mtu wa huko nje anamjibu kwa mstari mmoja: soma maelekezo. Maelekezo alikuwa ameyachapa kwa mashine yangu na kuyasoma hadi karatasi zimelegea. Nilimkuta mara nyingi akilia mbele ya kompyuta, kile kilio cha mtu mzima kisicho na sauti, huku mteja wangu akijifanya haoni.

Mimi nilikuwa namwambia, "Mdogo wangu, rudi loji. Funguo hazina sura ya tisa."

"Dada, nikirudi sasa nitacheka na wale wageni hadi nizeeke," alinijibu. "Niache nife na hii."

Sura iliyomtesa kuliko zote ni ile ya mahusiano, yaani namna ya kufunga kitu kimoja na kingine ndani ya mashine. Alipoielewa, au alipodhani ameielewa, alinieleza kwa furaha kwa kutumia mifugo, akijua mimi ni binti wa mfugaji.

"Kila mgeni lazima afungwe kwa kiongozi wake wa safari. Kama ndama kwenye kigingi."

"Na kama kigingi hakipo?"

"Mashine inakataa. Haimpokei mgeni asiye na kiongozi. Nimeiandika hivyo mimi mwenyewe."

Viongozi hao walikuwa wa Engaresero, kile kijiji cha Wamaasai kando ya Ziwa Natron, chini ya Oldonyo Lengai. Kijana ninayemzungumzia alikuwa mmoja wao. Aliingia dukani kutoa kopi ya cheti chake, akaona kioo cha Ndeshi, na hakuondoka hadi jioni. Alikuwa mrefu, na shuka lake jekundu na saa ya plastiki mkononi, na Kijerumani alichojifunza kwa wageni tu, njiani, wakipanda mlima. Alimwambia Ndeshi kwamba wageni wanafika Engaresero wakiwa wameshapangiwa kila kitu na watu wa mbali, na kijiji kinabaki kuwapungia mikono. Akataka tovuti ya kijiji chenyewe. Akarudi kwao, akakishawishi chama cha viongozi na mwenyekiti wao Lomayani, na Ndeshi akapata kazi yake ya kwanza ya kweli.

Tangu hapo kila akija Karatu alipitia dukani. Alimfundisha Ndeshi salamu za Kimaasai, Ndeshi akamfundisha kutumia barua pepe. Walicheka sana wale wawili. Kama kulikuwa na jingine kati yao sikuuliza, na ninyi msiniulize.

Tovuti ilifanya kazi. Mgeni huko aliko anachagua siku, anaandika jina na anwani yake ya barua pepe, na ukurasa unamwambia kiongozi wake atakuwa nani na amwulizie akifika. Kuna jambo Ndeshi alilirahisisha kwa kuwa lilimshinda: kuwagawa wageni kwa viongozi kwa zamu. Akaamua kwamba mgeni asipochagua mwenyewe, anafungwa kwa yule kijana, kwani ndiye waliyekuwa wakimsifu hata waliokwisha kurudi makwao. Kijijini wangegawana wenyewe. Kwa hiyo karibu wageni wote wa Julai na Agosti mwaka ule wakawa wake, na waliambiwa wakifika Engaresero waulizie jina lake.

Mambo mawili yalikuwa bado: tovuti imtumie mgeni barua pepe yenyewe, na data iwe inanakiliwa na kutunzwa mahali pengine. Hayo yalikuwa sura za mbele. "Nikimaliza mahusiano nakwenda huko," alikuwa akisema.

Mwezi wa Juni kijana akafa. Pikipiki iliteleza kwenye mchanga wa barabara ya kutoka Mto wa Mbu kwenda kwao. Alikuwa hajaoa na hakuacha mtoto.

Habari tuliletewa na dereva. Ndeshi alikaa kwenye kiti chake bila kuwasha kompyuta.

Baada ya siku chache wakaja wanawake wawili, mama yake marehemu na dada yake, Nareyu. Walisafiri na lori hadi Mto wa Mbu, wakapandisha Karatu, vumbi limewajaa hadi kwenye kope. Ndeshi alisimama.

"Takwenya, yeyo," alimsalimu mama, kwa salamu aliyofundishwa na mwanawe.

"Iko," mama akaitikia, akamtazama kwa muda mrefu.

Nareyu alikuwa amemaliza kidato cha nne, Kiswahili chake kizuri, cha shule. Yeye ndiye aliyesema.

"Dada, kwetu mtu akifa bado kijana, hana mtoto, jina lake halitajwi tena. Mtoto wa jirani alikuwa nalo, ameshapewa lingine. Mama huyu watu walikuwa wanamwita kwa jina la kaka. Sasa anaitwa Mama Nareyu. Wote wanajua. Ila wageni hawajui."

"Wageni wa kwenye tovuti," Ndeshi alisema.

"Hao. Watashuka kwenye gari watamwita. Boma letu liko kando ya barabara kabisa, jirani na kambi ya wageni. Mama atasikia." Nareyu alimshika mama yake bega. "Mama anaomba jina litoke humo kwenye kompyuta. Na wageni wote waambiwe kabla hawajafika, wasilitaje. Waulizie Lomayani. Hilo tu ndilo limetuleta."

Ndeshi akasema anaweza. Nakumbuka namna alivyolisema, kwa unyonge na fahari kwa pamoja, kama mtu aliyekaa na maumivu bila kuwa na la kufanya na sasa amepewa. Kila mgeni alikuwa ameacha anwani yake, alimweleza Nareyu. Angewaandikia mmoja mmoja, kuanzia jioni ileile. Lakini kwanza alitaka mama aone jina likitoka, ili arudi nyumbani ametulia. Akavuta kiti, mama akakaa karibu na kioo, Nareyu akasimama nyuma yao. Mimi nilikuwa kwenye fotokopi, hatua chache tu.

Akafungua ukurasa wa msimamizi, orodha ya viongozi, akamchagua kijana, akabonyeza futa.

Fremuweki ile haifuti hivihivi. Inakuletea kwanza ukurasa wa kukuuliza: una uhakika? Ukikifuta hiki, na hivi navyo vitafutwa. Kisha inaviorodhesha. Sasa, Ndeshi wakati anatengeneza tovuti alikuwa amepanga kila nafasi ya mgeni ianze kuandikwa kwa jina la kiongozi wake. Kwa hiyo kioo chote, kutoka juu hadi chini, kikajaa jina la marehemu. Mstari baada ya mstari, jina lilelile, na chini ya kioo bado lilikuwa linaendelea.

Nareyu alilisoma. Alitoa sauti ambayo sikuitegemea kwa msichana mtulivu vile, akageuza uso, akanyoosha mkono na kumfunika mama yake macho kwa ncha ya shuka. Mama hakujua kusoma. Lakini alimwona binti yake, akaanza kuuliza kwa Kimaasai, haraka haraka, akilitoa lile shuka usoni.

"Litoe, dada!" Nareyu alilia. "Litoe, litoe upesi!"

Ndeshi akabonyeza ndiyo.

Kioo kikawa cheupe. Msinitazame mimi, hata ningekuwa nimekaa kwenye kile kiti ningebonyeza. Nani angekaa kusoma mistari ile mmoja mmoja na mama amekaa palepale?

Mama alipoambiwa kwamba limetoka, aliishika mikono ya Ndeshi, akavifungua viganja na kuvitemea mate kidogo, baraka ya kwao. Nikawapikia chai. Mama alikunywa vikombe viwili na aliniambia, kwa kupitia Nareyu, kwamba maziwa ya Karatu ni mepesi. Nilifurahi kusikia mtu aliyefiwa anasema vibaya juu ya maziwa yangu.

Ndeshi aliwasindikiza hadi walipopata gari la kushuka Mto wa Mbu, akarudi, akakaa aanze kuwaandikia wageni. Nilimsikia akibonyeza. Kisha akabonyeza tena. Nilipoinua kichwa alikuwa ameiweka mikono yake mapajani, viganja juu, kama bado anabarikiwa.

"Dada Hyasinta. Hawapo."

"Nani hawapo?"

"Wageni. Julai, Agosti. Hawapo wote."

Nikaenda kutazama. Sijui kompyuta, lakini ukurasa mtupu naujua.

"Si ulimtoa kijana peke yake?"

"Walikuwa wamefungwa kwake."

"Ndama nao walikuwa wamefungwa kwenye kigingi," nilimwambia, na nilikuwa nimeanza kukasirika, na mimi nikiogopa huwa nakasirika. "Kigingi kikivunjika ndama anabaki, Ndeshi! Anazurura, unamtafuta, unamkamata."

"Humu habaki. Nilisema mgeni asiye na kiongozi hakubaliki. Kiongozi ameondoka, imewaondoa na wao."

"Na hukuambiwa?"

"Niliambiwa," alisema. "Ile mistari yote ilikuwa ni hao. Mimi niliona jina tu."

Siku zilizofuata sipendi kuzikumbuka. Aliwaandikia wenye seva, yaani wale wanaoitunza tovuti kwenye kompyuta zao huko nje, akiwasihi kama mtu anayemsihi daktari. Walimjibu vizuri tu, kwamba huduma aliyochukua haina nakala. Barua pepe za wageni hazikuwepo, kwa kuwa tovuti ilikuwa haijajua kuandika barua. Umeme ulikuwa ukikatika, anakaa na kile kitabu dirishani penye mwanga, akisoma sura ambayo alikuwa bado hajaifikia. Siku moja nikamsikia anacheka. Nikaogopa kuliko alipokuwa analia.

"Nini tena?"

Akanisomea, akitafsiri polepole. Kitabu kilisema kwamba mtu mwenye vitu vingi vilivyofungwa kwake hafutwi. Unaweka alama kwamba huyu hayupo tena, anafichwa asionekane, na vyake vyote vinabaki. Au unambadilisha jina, basi. Yeye yuleyule, na wote waliofungwa kwake wanabaki wamefungwa, ila sasa anaitwa vingine.

"Kumbadilisha jina, dada," Ndeshi alisema. "Nareyu alikaa hapo akaniambia. Mtoto wa jirani amepewa jina lingine. Mama amepewa jina lingine. Aliniambia kabisa namna inavyofanywa, na mimi nikafuta."

Leo anafundisha vijana kompyuta huko Arusha, na nasikia wanamwona mkali mno. Kwenye darasa lake la kufuta vitu, wanasema, hafanyi mzaha hata kidogo. Hawajui.

Tulitafuta wale wageni kama mbuzi waliopotea. Ndeshi alipiga simu kwa kila kampuni ya safari aliyoijua Arusha na Karatu, akiuliza kama wana mgeni wa Engaresero, na baadhi walikuwa nao, wakaahidi kuwaambia. Aliweka tangazo kubwa mbele ya tovuti: uliyejiandikisha kuja kwetu, tafadhali tuandikie. Wachache wakaandika. Waliobaki walikuwa watu waliojipangia safari wenyewe, na mtu akishapanga safari yake hana haja ya kuitazama tovuti tena. Walikuwa wameshaondoka makwao. Walikuwa kwenye mahema mahali fulani kati ya Serengeti na Ngorongoro, wakipiga picha twiga, na mioyoni mwao wamebeba jina moja.

Julai ikaingia. Ndeshi alimpigia Lomayani, ambaye ili kupata mtandao alilazimika kupanda juu ya jiwe nje ya kijiji. Alimweleza yote. Simu ilikuwa na sauti kubwa, nilimsikia mwenyewe.

"Hatukusema aondolewe, dada. Tulisema asitajwe."

"Najua, kaka. Nifanye nini?"

"Njoo uwasubiri," Lomayani alisema, na simu ikakatika, sijui ni mtandao au ni yeye.

Nikafunga duka. Clemensi, mume wangu, aliniuliza tangu lini msiba wa Engaresero umekuwa wa kwangu, nikamjibu kwamba Ndeshi hajala tangu juzi na siwezi kumwachia yule mtoto barabara ya vumbi peke yake. Tukashuka Mto wa Mbu, tukapata gari la wachuuzi, tukafika Engaresero meno yanasaga mchanga.

Magari ya wageni karibu yote hutoka kusini, njia tuliyokuja nayo, na husimama kwenye geti la kijiji. Boma la mama liko mbele zaidi. Lomayani alitupa mabenchi mawili chini ya banda la geti na tukaanza kukaa. Gari likisimama Ndeshi anakimbilia dirishani. Anawaambia kwa Kiingereza chake cha mapokezi, kile cha kutabasamu, kwamba kiongozi wao amebadilika, tafadhali waulizie Lomayani, wasimtaje yule waliyepewa.

"Nani?" wageni wanauliza. "Unamaanisha..." Na wanalitaja. Kila gari lililitaja. Wengine wanalitaja kwa furaha, wengine wanalisoma kwenye kikaratasi. Ndeshi anaitikia kwa kichwa na kuweka kidole midomoni, anawaeleza, wageni wanasikitika, gari linapita kimya. Tulilisikia sisi ili mama asilisikie. Jioni sauti yake ilikuwa imekauka na macho yamekuwa mekundu, sijui kwa vumbi au kwa nini.

Mama alijua tupo getini. Alitutumia maziwa kwa mkono wa Nareyu, asubuhi na jioni. Nareyu aliyaweka kwenye benchi na kuondoka bila kukaa. Hakuwa na ukali, ila alikuwa hajamtazama Ndeshi usoni tangu tufike.

Nilianza kuamini tutaweza. Nilimwambia Ndeshi hivyo, nikamtania hata kwamba sasa yeye ndiye fremuweki yenyewe, mgeni hapiti bila kufungwa kwa kiongozi. Alicheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Juni.

Asubuhi moja tukaona vumbi upande mwingine.

Kuna njia ya kaskazini. Inatoka Serengeti kwa kupitia Ololosokwan, inapita Loliondo, inateremka ukingo wa bonde hadi kijijini. Ni njia mbaya, na kampuni nyingi huikwepa, na sisi tulikaa siku zote zile tumeipa mgongo. Vumbi lilikuwa linateremka kutoka huko, na Ndeshi alishaanza kukimbia kabla sijaelewa. Nilivua viatu nikamfuata. Jua, mchanga wa moto, na geti liko mbali na boma. Tuliliona gari likipunguza mwendo kando ya ua wa miiba. Tuliliona likisimama.

Mzee wa Kizungu alishuka, na mke wake. Baadaye tulijua kwamba walikuwa wamekuja mwaka uliopita, wakapanda mlima na kijana, na safari hii walijiandikisha kwenye tovuti, wakamletea darubini mpya kama zawadi. Walilijua boma. Kijana mwenyewe ndiye aliyewafundisha kwamba hapa mtu habishi hodi mlangoni, anaita. Yule mzee akaweka viganja kando ya mdomo na kuita jina.

Tulikuwa bado mbali. Ndeshi alipiga kelele, "No! Please, no!" lakini sauti yake ilikuwa imeshaisha getini, haikutoka kitu. Mzee akaita tena, kwa sauti nzuri, ya mtu aliyemkumbuka rafiki njia nzima. Na tena.

Mama akatoka.

Alitoka mbio, ameinama kuupita mlango mfupi wa nyumba, mkono mmoja umeshika shuka na mwingine uko juu ya macho kukinga jua, anatazama huku na huku nje ya ua. Alitoka kama anavyotoka mama yeyote akisikia mwanawe anaitwa. Nafikiri kwa muda ule mdogo alikuwa amesahau kila kitu. Kisha akawaona Wazungu wawili, na gari, na sisi tunakimbia. Akasimama. Akakaa chini palepale kwenye mavi ya ng'ombe na kujifunika shuka kichwa kizima.

Mzungu alishusha mikono yake. Alitugeukia akiuliza amefanya nini, na mke wake alikuwa ameishika ile darubini kifuani. Ndeshi alifika hadi kwenye ua wa miiba na kusimama hapo, anahema, hathubutu kuingia.

Nareyu alikuwa amepiga magoti kando ya mama yake. Hakuinua sauti. Kwa mara ya kwanza tangu tufike alimtazama Ndeshi machoni.

"Watu wote uliwafuta, dada," alisema. "Jina ndilo limebaki."

Ndeshi akageuka, akanipita bila kuniona, akaishika njia ya kaskazini. Nilimwona akienda hadi pale njia inapoanza kupanda, akakaa chini kwenye mchanga, uso ameuelekeza lilikotoka lile gari. Nami nikarudi getini kushika upande wa kusini. Wageni wa Agosti walikuwa bado.